Kubana Matumizi ya Serikali: Lini Huponya Uchumi na Lini Huudhoofisha

Kila ifikapo katikati ya mwezi Juni, Waziri mwenye dhamana ya fedha anaposoma Bungeni makadirio ya mapato na matumizi, ni nadra hotuba yake kukosa ahadi ya kudhibiti matumizi yasiyo ya lazima. Wananchi wengi huipokea ahadi hiyo kwa kuiunga mkono, kwani hakuna mlipakodi anayefurahi kuona fedha zake zikiishia kwenye safari, posho na magari ya kifahari. Hata hivyo, lipo swali ambalo wachumi wamelijadili kwa muda mrefu na ambalo humgusa mwananchi moja kwa moja: Serikali inapopunguza matumizi wakati uchumi wenyewe umedorora, je, uchumi huo hupata nafuu au huzidi kuugua?

Tanzania ina uzoefu wake katika jambo hili, tena si haba. Katika kipindi cha takriban miaka 40 nchi imepita katika vipindi vitatu vya kubana matumizi, na kila kimoja kilitoa matokeo tofauti. Vipindi hivyo vikisomwa pamoja na yaliyoikuta Ugiriki baada ya mwaka 2010, inaonekana wazi kwamba ukubwa wa fedha zilizokatwa hueleza sehemu ndogo tu ya matokeo. Sehemu kubwa huelezwa na aina ya matumizi yaliyokatwa, hali ya uchumi wakati wa kukata, na kama kulikuwa na mwingine aliyekuwa tayari kutumia pale Serikali ilipojiondoa.

Msingi wa hoja hiyo ni rahisi kuuelewa. Kila shilingi inayotumiwa na Serikali ni kipato cha mtu fulani. Mkandarasi wa barabara ya kijijini akilipwa, huwalipa vibarua. Vibarua hununua unga na sabuni. Mwenye duka huagiza bidhaa nyingine. Na katika kila hatua sehemu ya fedha hiyo hurejea Hazina kwa njia ya kodi. Wachumi hukiita kipimo cha mzunguko huo kizidishi. Kizidishi kikiwa 1.5, maana yake ni kwamba shilingi 100 zikiondolewa katika matumizi ya Serikali, Pato la Taifa hupungua kwa shilingi 150. Kikiwa 0.5, pato hupungua kwa shilingi 50 tu.

Kizidishi hakilingani kwa matumizi yote. Serikali ikinunua gari la kifahari kutoka ng'ambo, sehemu kubwa ya fedha huondoka nchini siku malipo yanapofanyika, na kuacha kulinunua hakumwachi mtu mwingi wa ndani bila kazi. Ikiacha kujenga kivuko cha watembea kwa miguu kwa mawe, mchanga na nguvu kazi ya kijiji hicho hicho, pengo huonekana mwezi huo huo katika mifuko ya watu. Yapo pia matumizi yanayoonekana ya anasa lakini yanalisha wengi. Semina inayofanyika hotelini humlipa mhudumu, mpishi, dereva wa teksi na mkulima anayeleta mboga alfajiri. Kusema hivyo si kuitetea semina hiyo. Ni kukumbusha kwamba anayeikata hana budi kujua nani mwingine anakatwa pamoja nayo.

Hoja ya upande wa pili nayo ina uzito. Serikali inapotumia zaidi ya mapato yake, ni lazima ikope au ichapishe fedha. Ikikopa kwa wingi katika benki za ndani, benki huona hakuna haja ya kuhangaika na mfanyabiashara mdogo ilhali hati fungani za Serikali zinalipa vizuri na hazina wasiwasi. Ikichapisha fedha, bei hupanda na mshahara hupoteza thamani kabla mwezi haujaisha. Katika mazingira ya namna hiyo, kupunguza matumizi huweza kushusha riba na mfumuko wa bei, na hivyo kumfungulia njia mwekezaji binafsi. Kwa hiyo hoja zote mbili zinaweza kuwa sahihi, kila moja kwa wakati wake.

Kipindi cha kwanza kwa Tanzania kilianza katikati ya miaka ya 1980. Kupanda kwa bei ya mafuta duniani, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 viliiacha nchi bila fedha za kigeni za kutosha. Viwanda vilikosa vipuri na malighafi, na wananchi walipanga foleni kwa ajili ya sukari, sabuni na nguo. Mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) yalikwama kwa miaka kadhaa, kwani Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, hakukubaliana na masharti yake. Mwaka 1986, chini ya Rais wa Awamu ya Pili, Hayati Ali Hassan Mwinyi, nchi ilianza kutekeleza Mpango wa Kufufua Uchumi, uliojumuisha kushusha thamani ya shilingi, kulegeza udhibiti wa biashara na kupunguza nakisi ya bajeti.

Uchumi ulianza kukua tena, na bidhaa zilirudi madukani. Ni vyema, hata hivyo, kuzingatia kwamba nafuu hiyo haikutokana na kubana matumizi peke yake. Makubaliano yale yalifungua milango ya misaada na mikopo ya nje iliyokuwa imepungua, na fedha hizo ndizo zilizonunua vipuri na mafuta. Wakati Serikali ikipunguza mkono mmoja, mkono mwingine ulikuwa unapokea.

Gharama ilijitokeza kwingine, tena polepole, na pengine ndiyo maana haikuonekana mapema. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973, na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulikuwa umewaingiza darasani karibu watoto wote ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bajeti ilipobanwa, mzigo ulihamia kwa wazazi kupitia ada na michango mbalimbali. Kuanzia mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza pia katika hospitali za umma. Uwiano wa jumla wa uandikishaji katika shule za msingi, uliokuwa ukikaribia asilimia 100, ulishuka chini ya asilimia 80 katika miaka ya 1990. Ada hizo zilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi takriban milioni 7.5 mwaka 2005. Tofauti hiyo haielezwi na ongezeko la watu pekee. Wengi walikuwa watoto ambao wangepaswa kuwa darasani tangu awali, na baadhi waliingia darasa la kwanza wakiwa wamevuka umri kwa miaka kadhaa. Kwa waliokuwa wamekwishakuwa watu wazima, bajeti ya mwaka 2002 ilichelewa.

Hapa ndipo penye ugumu wa kupima matokeo ya kubana matumizi. Fedha iliyookolewa kwa kutomsomesha mtoto huonekana katika hesabu za mwaka huo huo, lakini hasara yake huonekana miaka 15 baadaye, katika uzalishaji wa mtu asiyesoma vyema maelekezo ya mbolea au ya dawa. Hakuna kitabu cha bajeti kinachoweka namba hizo mbili katika ukurasa mmoja.

Kipindi cha pili kilianza chini ya Rais wa Awamu ya Tatu, Hayati Benjamin William Mkapa, aliyeingia madarakani Novemba 1995. Hali aliyoikuta ilikuwa tete. Mfumuko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 30 mwaka 1994, na mwishoni mwa mwaka huo wafadhili walikuwa wamesitisha misaada kutokana na misamaha holela ya kodi. Katika mwaka wa fedha 1995/96 Serikali ilianzisha mfumo wa bajeti ya fedha taslimu, ambao kanuni yake ilikuwa moja: wizara haitapewa katika mwezi husika zaidi ya kile kilichokusanywa. Mageuzi ya utumishi wa umma, yaliyokwishaanza, yalipunguza idadi ya watumishi kutoka takriban 355,000 mwaka 1992 hadi takriban 265,000 kufikia mwisho wa muongo huo.

Kwa upande wa mfumuko wa bei, dawa ilifanya kazi. Ilipofika mwaka 1999 kasi ya kupanda kwa bei ilikuwa chini ya asilimia 10. Kwa mstaafu, mwalimu na mchuuzi, hiyo ilikuwa nafuu halisi, kwani mfumuko wa bei ni kodi ambayo haikupigiwa kura na Bunge lolote, na huwaumiza zaidi wasio na mali ya kuhifadhi thamani. Sababu ya mafanikio hayo inaeleweka. Ugonjwa wa wakati ule ulitokana kwa kiasi kikubwa na Serikali kuziba nakisi kwa kukopa Benki Kuu, na kukata matumizi kuligusa chanzo chenyewe.

Kubana huko pia hakukuwa peke yake. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kazi Julai 1996, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza kutozwa Julai 1998, hivyo mapato nayo yalikuwa yakiongezeka. Novemba 2001 nchi ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kuzifutia madeni nchi maskini zenye mzigo mkubwa, na kupata unafuu wa takriban dola za Marekani bilioni 3 katika miaka iliyofuata. Sehemu ya nafasi hiyo ndiyo iliyotumika kuigharamia MMEM.

Mfumo wa fedha taslimu, hata hivyo, ulikuwa na kasoro ambayo wahasibu wa wizara na halmashauri waliifahamu vyema. Mishahara na madeni vililipwa kwanza; kilichobaki kiligawanywa kwa wengine. Ofisi ya wilaya iliyopanga kununua dawa mwezi Septemba ingeweza kupokea fedha Desemba, tena pungufu, huku mzabuni akiwa amekwishaleta bidhaa kwa mkopo. Madeni ya namna hiyo yalilimbikizwa nje ya vitabu. Serikali ilionekana haikopi, kumbe ilikuwa ikiwakopa wafanyabiashara wake yenyewe.

Mfano wa Ugiriki unasaidia kuona kinachotokea dawa ileile inapopewa mgonjwa wa ugonjwa mwingine. Nchi hiyo iligundulika kuwa na nakisi kubwa kuliko ilivyotangazwa awali, na Mei 2010 ilikubali mkopo wa euro bilioni 110 kutoka nchi za kanda ya euro na IMF kwa masharti ya kukata mishahara, pensheni na huduma za umma na kupandisha kodi. Tofauti na Tanzania ya miaka ya 1990, Ugiriki haikuwa na sarafu yake ambayo ingeweza kushushwa thamani ili bidhaa zake ziuzike nje kwa urahisi. Riba haikuwa mikononi mwa benki kuu yake. Kaya na kampuni binafsi nazo zilikuwa zikipunguza matumizi wakati huo huo. Serikali ilipojiondoa, hakuna aliyeingia kuziba nafasi.

Kati ya mwaka 2008 na 2013 uchumi wa Ugiriki ulipungua kwa takriban robo. Ukosefu wa ajira ulifikia zaidi ya asilimia 27 mwaka 2013, na kwa vijana ulivuka asilimia 50. Deni ambalo lilikuwa takriban asilimia 127 ya Pato la Taifa mwaka 2009 lilipanda hadi karibu asilimia 180, licha ya wadai binafsi kukubali kusamehe sehemu yake mwaka 2012. Januari 2013 wachumi wawili wa IMF, Olivier Blanchard na Daniel Leigh, walichapisha utafiti ulioonesha kwamba makadirio ya awali kwa nchi za Ulaya yalichukulia kizidishi kuwa karibu 0.5, wakati katika miaka ya mwanzo ya msukosuko kilikuwa kikubwa zaidi ya hapo, pengine kupita 1. Si jambo la kila siku kwa taasisi ya aina hiyo kuchapisha hesabu zinazoonesha upungufu wa makadirio yake yenyewe.

Namna deni linavyoweza kukua wakati nchi inajibana inaeleweka kwa hesabu fupi. Chukua nchi yenye pato la 100 na deni la 100, ambayo hukusanya theluthi moja ya pato lake kama kodi. Serikali yake ikikata matumizi ya 3 huku kizidishi kikiwa 0.5, pato hushuka hadi 98.5, mapato ya kodi hupungua kwa 0.5, na Serikali huokoa 2.5. Deni la 97.5 likigawanywa kwa pato la 98.5 hutoa asilimia 99, yaani hali imekuwa bora kidogo. Kizidishi kikiwa 1.5, pato hushuka hadi 95.5, kodi hupungua kwa 1.5, na kinachookolewa ni 1.5 tu. Deni la 98.5 kwa pato la 95.5 ni asilimia 103. Fedha imekatwa, watu wameumia, na mzigo umeongezeka.

Kipindi cha tatu cha Tanzania kiko karibu na kumbukumbu za wasomaji wengi. Hayati Rais Dkt. John Pombe Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015, na katika wiki chache safari za nje za watumishi ziliwekewa kibali, sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zilibadilishwa kuwa siku ya usafi, na shilingi bilioni 4 zilizotengwa kwa sherehe hizo zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco jijini Dar es Salaam. Mikutano ya Serikali ilihamishiwa katika kumbi za umma. Uhakiki wa mwaka 2016 uliwaondoa zaidi ya watumishi hewa 10,000 katika orodha ya malipo, na mwaka 2017 ulifuata uhakiki wa vyeti vya kughushi.

Kwa lugha ya uchumi, kipindi hicho kilikuwa zaidi cha kuhamisha matumizi kuliko kuyapunguza. Fedha zilitoka kwenye posho na safari zikaelekezwa kwenye elimu bila ada hadi kidato cha nne, iliyoanza Januari 2016, kwenye ndege za Shirika la Ndege Tanzania na kwenye reli ya kisasa, ambayo mkataba wa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ulisainiwa mwaka 2017. Takwimu rasmi zinaonesha uchumi uliendelea kukua kwa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka.

Ndani ya ukuaji huo, hata hivyo, kulikuwa na maumivu. Mwanzoni mwa mwaka 2016 amana za mashirika na taasisi za umma zilihamishwa kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu. Sababu ilikuwa ya msingi: benki zilikuwa zikipokea fedha za umma, kisha kuikopesha Serikali fedha hizo hizo kwa riba kupitia dhamana zake. Lakini fedha hizo zilikuwa pia sehemu ya ukwasi uliotumika kuwakopesha wananchi. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, uliokuwa zaidi ya asilimia 20 mwaka 2015, ulishuka chini ya asilimia 2 ilipofika mwisho wa mwaka 2017, na mikopo chechefu ilivuka asilimia 10 ya mikopo yote, wakati kiwango kinachotarajiwa na msimamizi ni asilimia 5. Hoteli zilizotegemea semina zilikosa wateja, na wazabuni waliochelewa kulipwa walichelewesha marejesho yao benki.

Benki Kuu ilijibu kwa kushusha riba yake kutoka asilimia 16 hadi 12 mwezi Machi 2017, na hadi asilimia 9 mwezi Agosti, pamoja na kupunguza kiwango cha amana ambacho benki hutakiwa kukihifadhi kwake. Hicho ndicho Ugiriki haikuwa nacho: chombo cha kulegeza upande mmoja wakati upande mwingine unakazwa. Pamoja na hayo, ilichukua muda kwa benki kurejea kukopesha kwa kasi, kwani benki iliyoungua kwa mikopo chechefu haifungui milango kwa sababu tu riba imeshuka.

Nchi za Afrika Mashariki zimejiwekea vigezo vya pamoja katika Itifaki ya Umoja wa Fedha ya mwaka 2013, vikiwemo nakisi isiyozidi asilimia 3 ya Pato la Taifa na thamani ya sasa ya deni isiyozidi asilimia 50. Vigezo hivyo ni vya manufaa, lakini havisemi nakisi ipunguzwe kwa kukata kitu gani. Nakisi hushuka kwa kiwango kilekile iwe kilichokatwa ni safari au chanjo.

Mwananchi anayetaka kujua ni kipi kilichokatwa anaweza kulitazama jambo hilo mwenyewe. Vitabu vya makadirio hutenganisha matumizi ya kawaida na ya maendeleo, ambayo hupatikana katika Juzuu ya Nne, na ndani yake kila mradi umeandikwa pamoja na chanzo cha fedha, cha ndani au cha nje. Kulinganisha kiasi kilichoidhinishwa na kiasi kilichotolewa kweli ni jambo la maana zaidi kuliko kusikiliza jumla inayotangazwa, kwani mara nyingi kubana matumizi hakufanyiki Bungeni mwezi Juni, hufanyika kimyakimya pale fedha za mradi zisipotolewa hadi mwaka unakwisha. Eneo la pili la kulitazama ni malimbikizo ya madeni ya wakandarasi, wazabuni na watumishi. Hayo huoneshwa na Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali katika ripoti anayomkabidhi Rais kila mwisho wa mwezi Machi, na ambayo huwasilishwa Bungeni mwezi Aprili, takriban miezi miwili kabla ya bajeti mpya kusomwa.